Kujua si Kusomesha

Huku kwetu Kilwa na Lindi mzazi akimpeleka mwanawe Chuo Kikuu kusomea uhandisi, moyo wake hutulia. Husema: huko wako maprofesa, na profesa ni bahari ya elimu. Maneno hayo ni kweli, lakini kujua ni fani, na kusomesha ni fani ya pili. Sisi wa vyuoni twaliona hilo kila siku: aliyehifadhi kuliko wenziwe siye kila mara amwezaye mtoto anayeanza alifu.

Ushahidi umo nchini mwetu. Mwaka 1963, katika skuli ya Magamba, kijana Erasto Mpemba alitia maziwa ya moto katika mashine ya kugandishia, yakaganda kabla ya maziwa ya mwenziwe yasiyochemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alifika hapo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35? Wenziwe wakamcheka. Osborne alimtaka alirudie swali, akaahidi kulijaribu jambo hilo, na ahadi akaitimiza. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maji hayo. Sisi twatazama usomeshaji tu. Mmoja alilifunga swali kwa elimu aliyokuwa nayo, wa pili akalifanya kuwa mlango wa elimu mpya.

Fani hii hufundishika. Mwaka 2011 lilitangazwa jaribio la Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lililofanywa kwa wanafunzi wa uhandisi katika somo la fizikia. Kwa muda wa juma moja, kundi moja lilihutubiwa na mwalimu mzoefu mwenye sifa njema. La pili lilipewa walimu wageni wa kazi, lakini waliofunzwa kuwatolea wanafunzi masuala, kuwaacha wajadiliane, na kuwasahihisha papo hapo. Katika mtihani, kundi la kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili asilimia 74.

Jambo hili si dogo. Kila tuvukapo Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, twaziweka roho zetu juu ya hesabu za wahandisi. Hapana budi mhandisi awe amefahamu, si amenukuu tu.

Basi mzazi, mwanao akirudi na alama mbovu, usiharakie kumwita mzito wa kichwa. Mwulize kwanza: uliuliza nini darasani, nawe ulijibiwaje? Nanyi vijana, msinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Na yule miongoni mwenu atakayejaaliwa kuwa profesa, asione haya kujifunza kusomesha, kama alivyojifunza hesabu zake.