Tongoni: Ufuko nao ulindwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe maoni yangu kuhusu magofu ya Tongoni, yaliyo kando ya barabara ya Tanga–Pangani, kaskazini ya kijiji chetu cha Kigombe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi wangu huko, niliwaonyesha kuta za msikiti wa kale na kibla chake, nikawaeleza kuwa Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Kumbe nyuma yangu watoto wawili walikuwa wamekalia kaburi, wanakula mihogo. Mzee mmoja aliyekuja kuzuru akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, watoto hawa wamekuja kwa nani?" Niliona haya, sikuwa na jibu.

Ndugu Mhariri, pale pana makaburi zaidi ya 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine yalisimamishiwa nguzo, na nyingi kati ya hizo zimekwisha anguka. Hata leo watu hufika kuomba dua na kuacha ubani. Kwa hiyo Tongoni si gofu tu, ni mahali pa ziara.

Wapo wanaosema pakijengwa uzio kazi imekwisha. Sikubaliani nao. Uzio hauzuii bahari, nayo inazidi kuula ufuko ulio karibu na makaburi. Mikoko ikikatwa, wimbi halina cha kulipunguza nguvu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria haipandi mkoko.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, wanaohusika wayahesabu makaburi, msikiti, miti na ufuko kuwa eneo moja la kulindwa. Pili, vijiji na shule za jirani zipewe miche ya mikoko, zipande na kuitunza. Tatu, wazee wanaozuru washirikishwe katika kupanga njia za wageni. Mtalii na alipe kiingilio, lakini aliyekuja kuwaombea wazee wake asidaiwe hata senti.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Tongoni ukuta ukishachukuliwa na maji, hakuna fundi atakayeturudishia.

Mwalimu,
Kigombe, Muheza,
Tanga.