Maji Yalipandaje Kidichi?

Watalii wanaozungushwa kwenye mashamba ya viungo ya Unguja huwa wameshanusa iliki na kutafuna mdalasini ndipo gari linaposimama Kidichi. Wanaonyeshwa jengo dogo lenye makuba. Wakiingia wanapokewa na ubaridi na harufu ya ukuta mbichi, kisha na hadithi ya mapenzi: mwaka 1850 Sultani Seyyid Said alimjengea hamamu hii mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah, ili wakija kuwinda na kukagua mashamba wapate pa kuoga baada ya safari ya kutoka mjini. Wanatazama ndege na maua yaliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Picha mbili tatu, gari linaondoka.

Swali la kwanza la mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo lingekuwa jingine: maji yalipandaje hapa? Kidichi iko juu kilimani. Tena hayakutakiwa maji ya baridi peke yake, maana hamamu ya namna hii hupashwa moto na tanuri la chini ya sakafu. Basi kulikuwa na mtu wa kuni na mtu wa maji, kila siku bwana na bibi walipokuwapo. Hao hawamo katika hadithi.

Nyumba ya mapumziko iliyojengwa jirani na hamamu nayo haipo. Haikuacha hata ukuta. Na Kidichi si peke yake. Kule Chukwani, kusini mwa mji, kasri ya Sultani Seyyid Barghash imekwenda na kubakisha hamamu. Kasri ya Maruhubi, aliyoijenga Barghash huyo huyo katika miaka ya 1880, iliungua mwaka 1899. Leo mgeni anakuta nguzo zilizobeba baraza ya mbao, mfereji wa maji, mabirika, na hamamu. Nyumba za enzi zimekufa, vibanda vyake vya huduma vimeishi.

Sababu ni ya fundi zaidi kuliko ya mwanahistoria. Jumba la fahari lilikuwa na ghorofa na mabaraza, na ghorofa ni boriti na mbao: chakula cha moto na mchwa, na mali ya yeyote mwenye haja ya kuezeka kwake. Hamamu haiwezi kujengwa hivyo. Mvuke huozesha mti, kwa hiyo juu huwekwa kuba la mawe, kuta hufanywa nene, na chokaa hupigwa mpaka ikamate maji. Aliyetaka kuoga kwa raha alilazimika kujenga kwa kudumu. (Marumaru za Maruhubi zilikwapuliwa zamani, lakini kuba huwezi kulibeba begani.)

Tufanye nini na mabaki haya? Mjini mjadala huu una wenyewe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, dunia nzima ilisikia. Mabaki ya mashamba yako nje ya mipaka hiyo. Hamamu ya shamba ikianguka kona moja usiku wa masika, nani atajua kabla ya wiki kupita?

Wapo wanaosema tujenge upya, turudishe jumba kama lilivyokuwa, wageni walale humo. Siwaelewi. Kidichi hakuna cha kurudisha. Litakalojengwa litakuwa hoteli iliyovaa kanzu ya zamani. Wapo pia wanaosema kinyume chake, na hawa nawaelewa zaidi: yalikuwa mabafu ya masultani, Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa, kwa nini kodi ya mkulima izibe nyufa za bafu la mfalme?

Jibu langu ni kwamba bafu lile halikuwa la mfalme peke yake. Lilikuwa kiungo kimoja cha shamba la karafuu. Nenda Kizimbani, kituo kingine cha safari hizo hizo za viungo, ukaone hamamu nyingine, hii haina pambo lolote. Shamba lile lilikuwa la Saleh bin Haramil, anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta mkarafuu Unguja, kabla Seyyid Said hajamnyang'anya. Hapo ndipo utajiri wa Zanzibar ya karne ya 19 ulipoota mizizi, na mikono iliyopanda, kupalilia, kuchuma na kuanika ilikuwa ya watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Nyumba zao zilikuwa za fito, udongo na makuti, kwa hiyo hazikusubiri moto. Mvua chache zilitosha. Katika shamba zima, kazi yao inashikika kwa mkono mahali pamoja tu, penye mawe waliyoyajaza maji na moto. Ukiibomoa hamamu kwa hasira dhidi ya sultani, unafuta ushahidi wa mtumwa.

Kwa hiyo ihifadhiwe, ila kwa namna tofauti na ilivyozoeleka. Kwanza mafundi waepuke saruji. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unafungwa ndani, chumvi inasukuma, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na ngozi ya ukuta. Unguja bado ina watu wanaojua kuchoma na kulaza chokaa, na kazi hii ni yao.

La pili ni gumu zaidi: mpaka. Kuhifadhi kuba na kuuza viwanja hadi mlangoni mwake ni kuhifadhi kofia bila kichwa. Mji unapanuka kwa kasi kuelekea Bububu na kuelekea Chukwani, na ardhi iliyogawiwa kwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi leo inapimwa kwa hatua. Kisima cha zamani, mfereji, kipande cha sakafu: vitu hivi havina kuba la kuvitetea, ndivyo vitakavyokwenda kwanza, na ndivyo vinavyoeleza shamba lilivyofanya kazi. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ingeanza na kupima na kuchora ramani ya kilichobaki kuzunguka kila hamamu kabla ya kiwanja kingine kutolewa. Hilo halihitaji mfadhili wa nje.

Na hadithi ibadilike. Shehrzad mwenyewe hakukaa. Aliachwa akarejeshwa kwao Uajemi. Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anamsimulia katika kumbukumbu zake kama mwanamke wa matumizi makubwa. Asimuliwe, hakuna ubaya. Ila ukipelekwa Kidichi, msomaji, usikubali kurudi garini kabla hujamuuliza anayekutembeza nani alibeba maji.