Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Dawa tunameza, na bado tunaanguka

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Ifakara, ambako naendesha maisha kwa cherehani. Nina kifafa tangu utotoni. Dawa nameza asubuhi na jioni, na bado naanguka. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu wenzangu wa hali hii ni wengi, na katika huduma zetu hakuna aliyetutengea nafasi.

Mwenye kifafa akirudi kliniki baada ya kuanguka, swali la kwanza ni hili: dawa ulimeza? Swali ni halali, maana wapo wanaoziacha. Kinachoumiza ni kwamba ukijibu ndiyo, huaminiki. Ndugu aliyekusindikiza ataulizwa upya, wewe ukiwa umekaa palepale. Mimi nilishahesabiwa vidonge mbele ya foleni. Idadi ilikuwa sahihi. Nikaandikiwa dawa ileile, dozi ileile, nikaambiwa nizingatie masharti.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Habari njema, na isambazwe. Basi wale asilimia 30 waambiwe nini? Mwaka 2000 madaktari Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow, mji ambao dawa zote zilikuwa zinapatikana, walieleza yaliyowapata wagonjwa 470 waliokuwa hawajawahi kutibiwa. Waliotulia kwa dawa ya kwanza ni 222. Dawa ya pili au ya tatu iliwatuliza 67. Zaidi ya theluthi ya wote waliendelea kupatwa na kifafa. Tangu 2010 wataalamu wa kifafa duniani wanakubaliana kwamba dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutolewa kwa dozi ya kutosha zikishindwa, hicho ni kifafa sugu, na mgonjwa atafutiwe njia nyingine. Hakuna mahali walipoandika kwamba mgonjwa alaumiwe.

Na kabla hatujafika kwenye usugu wenyewe, Mheshimiwa, tazama mambo yanayoifanya dawa ishindwe huku kwetu. Kifafa kina aina nyingi. Kuna cha kuanguka na kutetemeka, cha kukodoa macho na kuzubaa, cha mikono kushtuka ghafla asubuhi kiasi kwamba kikombe cha chai kinaruka. Kabamazepini inayomfaa mmoja inaweza kumzidishia huyu wa kushtuka au wa kuzubaa. Nani atajua tofauti, kama mgonjwa hajapewa nafasi ya kueleza kifafa chake kinavyoanza, na kipimo cha umeme wa ubongo kiko mbali? Wengine hubaki miaka na dozi ya kuanzia kwa sababu hakuna aliyeipandisha. Mwingine ameanza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa zikagombana mwilini, na anayempa hizi hajui habari za zile. Mama aliye kwenye uzazi wa mpango naye aambiwe mapema kwamba baadhi ya dawa zetu hupunguza nguvu ya vidonge vyake.

Kisha dawa huisha. Hili kila mwenye kifafa analijua. Unafika unaambiwa fenobabitoni hakuna, jaribu duka la dawa. Duka lina fenitoini. Unanunua za wiki kwa kuwa hela ndiyo hiyo. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, mtu anaweza kushikwa na kifafa kisichokoma, na kinachopita dakika tano ni dharura inayoweza kuua. Mgonjwa huyo akija kuanguka, ataulizwa kama alimeza dawa.

Hizo dawa zenyewe nazo tunazilipia mwilini. Fenitoini ilinivimbisha fizi. Fenobabitoni ilinitia usingizi mbele ya cherehani, sindano ikitembea. Pasi ya mkaa siigusi, binti wa dada yangu ndiye hunyoosha nguo za wateja. Bafuni siweki komeo. Yote haya nayakubali, ila kuitwa mzembe juu yake siwezi kukubali.

Lawama hiyo ina madhara kuliko inavyodhaniwa. Mtu anayejua moyoni kwamba alimeza kila kidonge, akiambiwa na mtaalamu kwamba hakumeza, atamwendea anayemwamini. Mara nyingi huyo ni mganga. Yeye hamuulizi vidonge, anampa sababu: jini, jirani, mila iliyovunjwa. Majirani wanamuunga mkono, si mmeona hospitali imeshindwa? Neno moja la kweli kutoka kliniki, kwamba dawa hii imekushindwa na sasa tujaribu ile, lingewabakiza wengi.

Huku kwetu si wageni wa ugonjwa huu. Huko juu Mahenge, wilaya jirani ya Ulanga, karibu mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa kwa Wapogoro, na watafiti wa leo wanakihusisha kifafa kingi cha eneo hilo na usubi. Mkoa wenye historia hiyo haukupaswa kuwa mahali ambapo mgonjwa wa dawa zilizoshindwa hajui aende wapi.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Dawa mbili zikishindwa kwa dozi kamili, rufaa iandikwe kama haki ya mgonjwa, hadi kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Hospitali za mikoa ziwe na dawa za hatua inayofuata, na Bohari ya Dawa isiache za msingi zikatike. Upasuaji nao usionekane ndoto. Utafiti wa Kanada wa 2001, kwa wenye kifafa kinachoanzia pembeni mwa ubongo, ulionyesha asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na kifafa cha kupoteza fahamu baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 8 ya waliobaki na dawa peke yake.

Mei 2022 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa hadi 2031, na kwa kifafa lengo ni 90, 80, 70: asilimia 90 wajue wana ugonjwa unaotibika, asilimia 80 kati yao wapate dawa, asilimia 70 ya wanaotibiwa wadhibiti kifafa chao. Tarakimu ya mwisho haiwezi kujulikana bila kutuuliza. Kwa hiyo naomba daftari la kila kliniki liwe na safu moja: anameza dawa na bado anaanguka, ndiyo au hapana, na kwa dawa ipi. Ianze na mwaka ujao wa fedha, na jumla yake isomwe bungeni pamoja na bajeti ya wizara yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Ifakara