Sitaleta magauni, naleta vitambaa

Huku Muscat sisi wazima, joto ndilo lile lile, zamu za usiku zimenibana ndiyo maana mmeniona kimya. Leo nina neno, na najua baadhi yenu litawakera, hasa wadogo zangu wa kike na mawifi.

Tangu harusi ya mdogo wetu itangazwe, meseji haziishi. "Dada, niletee gauni la huko." "Wifi usinisahau, saizi yangu unaijua." (Siijui jamani, ha ha!) Mmoja anataka jekundu lenye mawe, mwingine la dhahabu lenye mkia. Nimekaa nimehesabu, yamefika magauni tisa. Sasa jibu nalitoa hapa mara moja wote mlisome: gauni sitaleta hata moja. Nitakuja na vitambaa, bitana, uzi na zipu, na kila mmoja atashona gauni lake mwenyewe. Kabla hamjaninunia, nisikilizeni kwanza.

Nyumbani tuna imani kwamba nguo ikitoka Arabuni basi ina heshima zaidi. Njooni niwatembeze Mutrah na Ruwi muone. Magauni mengi ya dukani yanayong'aa yameshonwa China, India au Uturuki, kwa mafungu, kwa vipimo vya mtu ambaye hayupo. Yale yale yanapakiwa kwenda Dubai, na yale yale yanafika Kariakoo. Mtu akivaa gauni la namna hiyo pale Tanga na kusema "hili la Oman", Oman yenyewe hailijui!

Tena angalieni wenyewe Waomani wanaheshimu nini. Mwanamume wa hapa akienda kwenye Idi au harusi, kichwani ana kumma, ile kofia ya kitambaa yenye matundu madogo madogo yaliyotariziwa, ndugu yake kofia yetu ya viua. Ziko za mashine, bei rahisi, zimejaa sokoni. Lakini inayotakiwa siku ya shughuli ni ya mkono, ambayo mwanamke ameikalia na sindano kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hiyo ndiyo ghali, na mtu anajisifu nayo: hii kanishonea mama, hii kanishonea mke wangu. Hata kanzu ya Kiomani, dishdasha, ile yenye kishada shingoni kinachotiwa manukato, wengi wanapeleka kupimwa na kushonewa kwa fundi. Kwa hiyo kwenye nchi ambayo duka lina kila kitu, kinachopewa heshima ni kilichoshonwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa kipimo chake. Sisi tunaotamani vya kwao tumeacha hilo na kushika kile ambacho wao wenyewe wanakipita.

Na kwetu nako si jambo geni. Kanga mnayoivaa kila siku, inasimuliwa kwamba ilianza mwishoni mwa karne ya 19 wakati wanawake wa Unguja na Mombasa walipokuwa wananunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wanachukua sita, wanazikata tatu tatu, wanaziunga kwa sindano na kupata nguo moja kubwa. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wafanyabiashara walikuja nyuma yao kuiga. Kabla ya hapo masikini na watumwa walivaa merikani, kile kitambaa kigumu kilichotoka viwanda vya Massachusetts kule Marekani, au kaniki ya rangi ya nili. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi na maua. Nguo ilikuwa njia yao ya kusema mimi sasa ni mtu huru na ninajichagulia. Hawakungoja dada aliye ng'ambo awaletee.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua hapo ndipo mtakaponielewa. Gauni la shughuli la dukani hapa, lile ambalo hamtanilaumu nalo, nimeuliza bei ni riali 35. Riali moja ni kama dola 2 na senti 60 za Marekani. Kitambaa cha satini nilichokiona ni riali moja na nusu kwa mita, mita nne ni riali 6. Bitana ya pamba mita tatu kwa baisa 600 ni riali 1 na baisa 800. Zipu na uzi tuseme riali 1. Jumla riali 8 na baisa 800. Magauni tisa ya dukani ni riali 315, vitambaa vya watu tisa havifiki riali 80. Tofauti ni riali 235 na zaidi. Kwa pesa hiyo mnapata cherehani cha Butterfly cha kukanyaga kwa miguu, kikae kwa mama, kiwe cha ukoo, na chenji inabaki ya kumchangia bibi harusi. Gauni likishavaliwa mara moja mtu anaona haya kulirudia kwa sababu ya picha. Cherehani hakiulizwi kilivaliwa lini.

Na kuna jambo lililonisukuma kuandika haya. Mmoja wenu, simtaji, ameniambia atachukua pesa yake ya upatu, ile aliyoipanga kwa ada ya mtoto Januari, anunue gauni, viatu na pochi vya kufanana. Mpenzi wangu, shughuli ni ya saa nne. Ada ni ya mwaka mzima. Sisemi usipendeze, pendeza sana, mimi mwenyewe napenda kupendeza! Nasema usipendeze kwa daftari za mtoto.

Halafu niseme kidogo kama muuguzi. Magauni haya yametengenezwa kwa kumbi zenye kiyoyozi kinachogandisha. Huku wanawake wanakaa ukumbini kwao, baridi mpaka wanatafuta shali. Sisi shughuli yetu ni chini ya turubai, Tanga, jua la saa nane, na ngoma inapigwa. Kitambaa cha nailoni kisicho na bitana hakinyonyi jasho, kinakubana, unatoka vipele vya joto shingoni na chini ya matiti, na usiku mzima unajikuna. Ukishona mwenyewe unaweka bitana ya pamba, unaacha nafasi kwapani, umemaliza. Na wawili kati yenu mnanyonyesha. Gauni lenye zipu mgongoni mtamnyonyeshaje mtoto? Mtaingia chumbani kuvua gauni zima kila mtoto akilia, au mtamnyima. Lako weka zipu mbele, ifichwe kwenye mshono. Duka halikujui kama una mtoto wa miezi mitatu na kifua chako asubuhi si kile cha jioni.

Nasikia mnaanza: "Dada, sisi hatujui kushona." Jamani! Nyinyi mnaofuma vitambaa vya makochi na kutarizi mashuka ya maharusi mnaniambia pindo limewashinda? Mkono mnao, mnachokosa ni uthubutu tu. Wengine mtasema: na mafundi wale wapi? Neno zuri hilo. Mpeni fundi kazi yake: akikatie kama unaogopa mkasi, akupigie ovaloki, akuwekee zipu. Mlipeni siku moja awafundishe wote tisa barazani kwa mama. Atapata pesa yake, na nyinyi mtabaki na kazi mikononi. Na yule ambaye kweli hana muda, ana duka au zamu kama mimi, basi apeleke kitambaa kwa fundi mapema, nalo halina ubaya. Ninalokataa ni gauni la kukopea.

Haya, mpango wenyewe ni huu, mwenye kalamu aandike. Kama wiki sita kabla, chagua mshono rahisi, usianze na makorombwezo ya kwenye simu. Tafuta gauni la zamani au la mtumba linalokukaa vizuri, lifumue taratibu, upige pasi vile vipande, hiyo ndiyo ramani yako. Pima kifua, kiuno, nyonga na urefu ukiwa umevaa sidiria na viatu utakavyovaa siku hiyo, na apime mtu mwingine, usijipime. Kwenye kifua ongeza kama sentimita tano za kupumulia, na kila mshono uachie sentimita mbili, mtu akinenepa kidogo panafumuliwa.

Kitambaa cha pamba kifue kwanza kabla ya kukata, maana kinaruka. Kilaze sawa na ule ukingo mgumu wa pembeni, ukikata kwa kwenda upande gauni litajipinda mwilini. Anza na bafta ya bei rahisi, ishone ovyo ovyo kwa bandi, ivae, inama, kaa, nyanyua mikono kama unapiga makofi. Panapobana patengeneze hapo kwenye bafta, ndipo uguse satini. Kwa satini tumia sindano mpya namba 11, ile nene inaacha matundu, na pini zichomeke pale pale mshono utakapopita. Kila mshono ukimaliza piga pasi kabla ya kuendelea na mwingine, hapo ndipo nguo ya nyumbani inapoonekana ya fundi. Sketi ya kumwagika iache imening'inia usiku mzima ndipo ukate pindo, kwa sababu kitambaa kinashuka.

Mimi langu nalishona hapa hapa chumbani kwangu, siku za mapumziko. Jirani yetu bibi mmoja, Mwomani aliyezaliwa Unguja akaja huku miaka ya 1970, huwa anakuja kunikagua mshono huku ananisimulia harusi za Malindi kwa Kiswahili kitamu kuliko changu. Ana kabati limejaa nguo alizonunuliwa na watoto wake. Aliyonitolea kunionyesha ni moja, aliyojishonea mwenyewe akiwa msichana. Nikamuuliza kwa nini hii. Akasema, "Hizo nyingine nimepewa, mwanangu. Hii yangu."

Basi ndugu zangu, nitumieni rangi mnazotaka na kila mmoja aseme mita ngapi, kabla ya mwisho wa mwezi huu, mzigo wangu ni kilo chache. Mwenye kinyongo aniambie mimi mwenyewe, asipitishe kwa mama. Na siku ya harusi mtu akiwauliza "gauni hili la wapi?", jibu mnalo.

Nawapenda wote, nisalimieni wazee. Tuonane panapo majaliwa.

Wasalaam.