Ukuta Usiotajwa Katika Katiba

Kuna hoja moja ambayo mtoto anayesomeshwa nyumbani kwa vitabu vya Kikristo kutoka Marekani huifahamu mapema sana. Hoja yenyewe ni hii: maneno "ukuta wa kutenganisha kanisa na serikali" hayamo katika Katiba ya Marekani. Yamo kwenye barua tu ya Thomas Jefferson. Kwa hivyo ukuta huo ni uzushi wa majaji, nchi ile iliasisiwa iwe ya Kikristo, na serikali yake inapaswa kurudi ilikotoka.

Sehemu ya kwanza ni kweli, na naikubali mapema ili tusipotezeane muda. Maneno hayo hayamo. Hata neno "Utatu" halimo katika Biblia, na sijawahi kumsikia mchapishaji wa vitabu hivi akiwaambia watoto kwamba kwa sababu hiyo fundisho lenyewe ni uzushi. Wanajua vizuri kwamba jambo linaweza kuwemo katika maandiko bila jina lake kuwemo. Wanachofanya ni kuisahau kanuni hiyo wanapofika kwenye somo la uraia.

Vitabu ninavyovizungumzia si siri. Abeka ilianza 1972 huko Pensacola, Florida. BJU Press ni ya Chuo Kikuu cha Bob Jones, Greenville, South Carolina. Mfumo wa Accelerated Christian Education ulizaliwa Texas 1970, na umekatwa vijitabu vijitabu: vijitabu kumi na viwili kwa kila somo kwa mwaka, mtoto akisoma peke yake kwa mwendo wake na kuinua bendera ndogo mezani anapotaka msaada. Shule kadhaa za Kenya zinautumia, na familia nyingi zinazosomesha nyumbani vilevile. Sina ugomvi na hesabu zao, na kusoma wanafundisha vizuri kuliko madarasa mengi ya watoto themanini niliyoyaona. Ugomvi wangu ni na historia yao ya serikali na dini, kwa sababu inawafundisha watoto kuubomoa ukuta ambao wazazi wao wamejificha nyuma yake.

Tuanze Virginia. Kabla ya mapinduzi ya Marekani, Kanisa la Anglikana ndilo lililokuwa kanisa la serikali katika koloni hilo. Uliwe Mwanglikana usiwe, ulilipa kodi ya kumtunza kasisi wa parokia. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila leseni walitiwa jela. Katika mji wa Culpeper walihubiri kupitia madirisha ya gereza, huku watu wamesimama nje wakisikiliza. Mwaka 1774 kijana James Madison, umri wake miaka 22, alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba jirani na kwao kuna watu waliofungwa kwa sababu ya imani tu. Ukitaka kujua wazo la kutenganisha dini na serikali lilitoka wapi, usianzie kwa wasiomwamini Mungu. Anzia kwenye dirisha la jela ya Culpeper, na mtu aliyelishika ana Biblia mkononi.

Halafu ikaja 1784. Patrick Henry, msemaji hodari kuliko wote wa Virginia, alipeleka mswada wa kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Haukuwa mswada wa kikatili. Mlipakodi angechagua mwenyewe fedha yake iende dhehebu gani. Ukiusikiliza leo, unafanana sana na mipango ya kisasa ya kumpa mzazi fedha za umma ampeleke mtoto anakotaka. Madison aliupinga kwa waraka wa hoja kumi na tano mwaka 1785, lakini waraka peke yake haukutosha. Wabaptisti na wengine walipeleka maombi bungeni yenye maelfu ya saini, wakisema hawataki fedha hiyo hata kama watagawiwa wao. Walikuwa wamejifunza kwamba anayekulipa mhubiri ndiye atakayekuuliza umehubiri nini. Mswada ukafa. Januari 1786 ikapita sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Jefferson, na miaka mitano baadaye, 1791, likathibitishwa Rekebisho la Kwanza la Katiba: Bunge lisitunge sheria ya kusimika dini, wala ya kuzuia watu kuifuata.

Sasa ile barua. Ilitoka tarehe 1 Januari 1802, kwenda kwa umoja wa Wabaptisti wa Danbury, Connecticut. Vitabu hupenda kuiita barua ya binafsi, kama vile mtu alimwandikia shemeji yake. Jefferson alikuwa rais, na kabla ya kuituma alimpa mwanasheria mkuu wake aipitie. Na Wabaptisti wale walimwandikia kwa nini? Kwa sababu katika jimbo lao kanisa la Kikongregesheni lilibebwa na sheria, na Mbaptisti aliyetaka kodi yake isiende huko ilimbidi apeleke cheti. Walichomlalamikia ni kwamba uhuru wao wa kuabudu ulichukuliwa kama hisani ya serikali, ambayo inaweza kutolewa leo na kunyang'anywa kesho. Naomba msomaji alishike neno hilo, hisani, maana nitalirudia.

Wengine husema ukuta wa Jefferson ni wa upande mmoja: unaizuia serikali isiingie kanisani, lakini hauzuii kanisa kuingia serikalini. Barua fupi ile haisemi hivyo mahali popote. David Barton wa Texas, ambaye taasisi yake inaitwa WallBuilders (nacheka kila nikilisoma jina hilo), aliandika kitabu kizima cha kumsafisha Jefferson, The Jefferson Lies, kikatoka 2012. Mwaka uleule mchapishaji wake, Thomas Nelson, kampuni ya Kikristo iliyojengwa juu ya kuuza Biblia, alikiondoa sokoni akisema amepoteza imani na habari zilizomo. Hao si watu wa kuwasingizia Wakristo.

Kuna hoja yao nzito zaidi, na haifai kuirukia. Mwanzoni Rekebisho la Kwanza lililifunga Bunge la taifa tu, si majimbo. Connecticut ilibaki na kanisa lake hadi 1818, Massachusetts hadi 1833. Ni katika kesi ya Everson, 1947, ndipo Mahakama ya Juu ilipokifikisha kifungu cha kusimika dini hadi kwenye majimbo. Hiyo ni kweli, na mtu anaweza kubishana kwa heshima kuhusu nguvu za majimbo. Ila kusema kwamba ukuta ulibuniwa 1947 si kweli, kwa sababu Mahakama hiyohiyo iliinukuu barua ya Danbury mwaka 1879, katika kesi ya Reynolds. Tena katika Everson yenyewe, majaji walioutaja ukuta kwa sauti kubwa waliruhusu wazazi wa shule za Kikatoliki warudishiwe nauli ya basi. Ukuta huo haukuwa na ukatili unaosimuliwa.

Na majimbo yakiachiwa, huleta nini? Mwaka 1922 Oregon ilipitisha sheria ya kulazimisha watoto wote wasome shule za serikali. Ku Klux Klan iliipigia debe sheria hiyo, na shabaha ilikuwa shule za Wakatoliki. Masista ndio walioenda mahakamani, na 1925 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba mtoto si kiumbe cha dola. Kesi hiyo ilisimama juu ya uhuru wa wazazi zaidi kuliko kifungu cha dini. Lakini ikaja ya Yoder, 1972. Wazazi wa Kiamish wa Wisconsin walitozwa faini ya dola tano tano kwa kukataa kuwapeleka watoto shule baada ya darasa la nane. Walishinda, na walishinda kwa kifungu cha dini. Mahakama ilieleza kwamba kama wangekataa kwa falsafa yao tu, wasingeshinda.

Waamish ni wachache sana. Hakuna serikali ya kidini, ya dhehebu lolote kubwa, ambayo ingeandika sheria kwa kuwafikiria wao. Ushindi wao ulitegemea dola isiyo na haki ya kusema imani ipi ndiyo sahihi, na juu ya uamuzi huo harakati nzima ya kusomesha nyumbani ilisimama na kuanza kutembea.

Mimi ninasoma shahada ya uzamili Nairobi, na kama wanafunzi wenzangu wengi ninalipa kodi ya nyumba kwa kufundisha watoto wa watu. Jumamosi kwa muda wa mwaka mmoja nilifundisha Kiswahili katika nyumba moja Rongai, watoto watatu, wote wanasoma kwa vijitabu vya aina hiyo. Mchapishaji simtaji. Yule mkubwa, msichana wa miaka kumi na tatu, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, na sisi Rekebisho letu la Kwanza linasemaje?" Alikuwa anajua Mayflower ilifika mwaka gani. Alikuwa anajua ukuta ni uongo wa majaji. Hakuwahi kuonyeshwa Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya, sentensi moja fupi kuliko jina lake kamili: hakutakuwa na dini ya serikali.

Hapa hatuhitaji kubishana juu ya barua ya 1802. Kwetu imeandikwa. Utangulizi wa katiba yetu unamtaja Mwenyezi Mungu, wimbo wetu wa taifa ni sala, na bado Ibara ya 8 iko pale, na ya 32 inafuata na uhuru wa dhamiri na dini. Katiba ya Marekani, ambayo vitabu vinasema ni ya Kikristo, haimtaji Mungu ila katika namna ya kuandika tarehe.

Mama wa watoto hao nilimwita Mama, naye aliniita Mwalimu ingawa ningeweza kuwa mdogo wake. Wiki chache kabla ya swali hilo, mzee wa mtaa alikuwa amepita kuuliza kwa nini watoto hawaonekani na sare. Si swali la bure. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na wanaosomesha nyumbani hawana kifungu kinachowataja na kuwalinda. "Chifu akija," Mama aliniambia akikunja kanga, "nitamwambia hii ni imani yangu, na serikali haina ruhusa ya kuniingilia." Hiyo ndiyo ngao aliyonayo, na kwenye meza ya chumba cha pili binti yake alikuwa anajaza nafasi zilizoachwa wazi katika kijitabu kinachosema ngao kama hiyo ni udanganyifu. Ngao hiyo ikiondoka, kinachobaki kwa Mama ni hisani ya chifu.

Sisi tulipata nafasi ya kuyaona haya kwa macho mwaka 2010. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka mchungaji wetu akisema kijani ni Ndiyo na nyekundu ni Hapana, na kwamba kanisa ni nyekundu. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa mahakama za kadhi. Viongozi wa makanisa walikuwa wamezishtaki tangu 2004, na Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakubaliana nao: kuziweka ndani ya katiba kunaipendelea dini moja. Ukiisoma hoja ya makanisa, ni Madison mtupu. Serikali isibebe dini. Kodi ya Mkristo isimlipe kadhi.

Waliokuja kusaidia upande wa Hapana ni pamoja na tawi la Nairobi la American Center for Law and Justice, shirika lililoanzishwa na mhubiri Pat Robertson. Shirika hilohilo, miaka miwili kabla, wakili wake mkuu alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuutetea mji wa Utah uliotaka kubaki na mnara wa Amri Kumi katika bustani ya umma. Wanasheria watasema kesi zile mbili ni tofauti, na kisheria ni tofauti. Lakini tofauti ninayoiona mimi ni moja: Utah Wakristo ni wengi, na Kenya dini iliyokuwa mezani si yao. Historia ya mahakama za kadhi, pamoja na makubaliano ya Pwani ya 1963, ni ndefu na inahitaji makala yake. Hapa natazama tu jinsi ukuta unavyosahaulika na kukumbukwa kwa ndege moja ya kwenda na kurudi.

Na hata pale Wakristo walipo wengi, ni Wakristo gani? Mwaka 1844 watu waliuawa Philadelphia na makanisa ya Kikatoliki yakachomwa moto, na kati ya yaliyowasha moto huo ni swali la Biblia ipi isomwe shuleni, ya King James au ya Kikatoliki. Mwaka 2024 Louisiana ilipitisha sheria ya kutundika Amri Kumi katika kila darasa la umma. Sheria ilibidi ichague maneno, kwa kuwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi hawazihesabu amri hizo kwa namna moja. Wabunge wakachagua. Hapo ndipo mbunge anapogeuka askofu, bila kupakwa mafuta na mtu yeyote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wakubwa wa harakati hii wanajua. HSLDA, chama cha mawakili wanaotetea wanaosomesha nyumbani tangu 1983, mwaka 2017 kilipinga mswada wa H.R. 610 ambao ungewapelekea familia hizo fedha za serikali kuu. Walisema fedha ya serikali hufuatwa na mkono wa serikali. Ni hoja ya Wabaptisti wa Virginia dhidi ya Patrick Henry, karibu neno kwa neno. Mwanzilishi wa chama hicho, Michael Farris, ndiye pia aliyeanzisha chuo kwa ajili ya vijana waliosomea nyumbani, mwaka 2000, hukohuko Virginia. Kinaitwa Patrick Henry College.

Basi hoja hiyo ya 2017 waiandike vitabuni, na kama nafasi ni finyu waiweke kwenye ukurasa uleule wanaposema ukuta haupo.