Choo kikishajengwa, sabuni itanunuliwa na nani?

Karo ya shule za msingi ilipofutwa Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani kwa muda mfupi. Madawati hayakutosha, na vyoo navyo havikutosha. Tangu wakati huo serikali, mashirika ya misaada, Hazina ya Maeneo Bunge na wazazi wenyewe wamejenga vyoo katika shule nyingi. Kila vinapofunguliwa utepe hukatwa, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: je, vyoo hivyo vimewapa watoto wetu afya?

Kwa bahati njema, swali hili limefanyiwa utafiti papa hapa nchini. Kuanzia mwaka 2007, watafiti walizifuatilia shule za msingi zaidi ya 100 katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Baadhi ya shule zilipewa dawa ya kutibu maji na mafunzo ya usafi. Nyingine zilipewa hayo pamoja na vyoo vipya. Nyingine ziliachwa zingoje ili zilinganishwe na zile za kwanza.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yanapaswa kumkosesha usingizi kila mwalimu mkuu. Kwa jumla, idadi ya siku ambazo watoto walikosa shule haikubadilika. Hata hivyo, katika sehemu ambazo hazikukumbwa na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wasichana walipungua sana miongoni mwa waliokosa masomo, hata pale ambapo hakikujengwa choo kipya. Wavulana hawakubadilika. Ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika vidole. Watafiti walipopima mikono ya wanafunzi, waligundua kwamba katika shule zilizopewa vyoo vipya, mikono ya wasichana ilikuwa na bakteria wa kinyesi zaidi kuliko ya wenzao wa shule zisizopewa.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba vyoo ni vibaya. Maelezo yake ni mepesi. Choo kikiwa kizuri, watoto wengi zaidi hukitumia. Kama ndani hamna karatasi wala maji, na nje hamna sabuni, mtoto hutoka na uchafu mkononi, kisha mkono uo huo hushika kalamu, mwenzake na chakula cha mchana. Njia ya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo ni hiyo: kutoka kinyesini hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi kinywani. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2014, ulithibitisha jambo hili. Shule zilizokuwa na uhaba wa maji, zilipopata chanzo cha maji pamoja na vyoo na mafunzo, ziliona kuhara kukipungua sana. Zile ambazo tayari zilikuwa na maji karibu, zikaongezewa hayo mengine, hazikuona tofauti.

Mimi ni mwanaisimu, si daktari, na huenda ndiyo sababu nimevutiwa na vitenzi vya ripoti zetu. Ripoti husema: vyoo vimejengwa, matangi yamewekwa, walimu wamefunzwa. Kiambishi -me- hutuambia kwamba tendo limekwisha. Lakini afya ya mtoto haitokani na tendo lililokwisha. Hutokana na matendo ya kila siku, yale tunayoyaeleza kwa hu-: maji hutekwa, sabuni hununuliwa, choo hufagiliwa. Mfadhili hulipia -me-. Hu- huachiwa mwalimu mkuu asiye na fungu lake.

Tuliyaona hayo wakati wa Korona. Shule zilipofunguliwa upya, mitungi ya maji na sabuni iliwekwa malangoni. Hofu ilipopungua, mingi ilikauka. Tuna mfano wa minyoo pia. Dawa hutolewa shuleni kwa mpango wa kitaifa, na ni jambo la kupongezwa. Lakini mtoto anayerudi kwenye udongo ule ule na mikono ile ile huambukizwa tena baada ya miezi michache.

Kanuni za usalama shuleni za mwaka 2008 zinataka choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Kipimo hicho ni cha haki, lakini kinahesabu milango. Hakihesabu ndoo zenye maji. Napendekeza kwamba wakaguzi wahesabu vyote viwili, na kwamba katika fedha anazotengewa kila mwanafunzi pawe na fungu linalotajwa waziwazi kuwa la maji, sabuni na usafi wa vyoo. Fedha hizo zikichanganywa na za ukarabati na mishahara ya mabawabu, sabuni huwa ya mwisho kukumbukwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Haja hii imezidi tangu mwaka 2023, shule za sekondari msingi zilipowekwa katika viwanja vya shule za msingi. Sasa wasichana wa gredi ya saba hadi ya tisa, wengi wao wakiwa wameanza hedhi, wanatumia vyoo vilivyojengwa kwa ajili ya watoto wadogo. Sheria ya mwaka 2017 inawapa sodo bila malipo. Lakini sodo bila maji, bila mlango unaofungika na bila mahali pa kuitupa ni msaada nusu.

Walimu wenzangu, kuna mambo yasiyongoja Nairobi. Sabuni ya unga kidogo ikikorogwa katika chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, darasa zima litanawa kwa gharama ndogo. Na tuache kumpeleka mtoto mkosaji akasafishe choo kama adhabu. Mtoto anayefunzwa kwamba usafi ni fedheha hataupenda akiwa mtu mzima. Iwe zamu ya wote, kwa ratiba, kwa vifaa na kwa usimamizi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kwenda mahakamani kuidai. Sisi tulio shuleni pamoja naye ndio wa kuidai kwa niaba yake, na swali la kwanza la kuuliza siku utepe utakapokatwa tena ni hilo la sabuni.