Mgonjwa ana haki ya kujua nani amefungua faili lake

Mzazi anayemtoa mtoto mwenye selimundu Mugumu, wilayani Serengeti, kumpeleka Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, hubeba vitu viwili asivyoweza kuviacha: nauli na daftari la matibabu. Daftari likilowa mvua au likisahaulika nyumbani, daktari huanza upya. Ameongezewa damu mara ngapi? Anatumia dawa gani? Dawa ipi ilimdhuru? Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye maumivu hujibu kwa kukisia, na dawa hupangwa kwa makisio hayo.

Wilayani Tarime nako tatizo lipo. Mkazi wa Sirari anayevuka mpaka kwenda kutibiwa Migori, nchini Kenya, anaweza kurudi na karatasi nzuri za vipimo, lakini zikaishia kabatini kwake. Zahanati ya kijijini haina habari nazo.

Ndiyo maana wataalamu wanapendekeza taarifa za wagonjwa zilindwe kwa teknolojia iitwayo blokuchaini. Si jambo geni kabisa nchini. Mwaka 2018 kampuni ya AID:Tech ya Ireland, ikishirikiana na shirika la PharmAccess, iliijaribu Tanzania katika huduma za wajawazito.

Ukitaka kuielewa, fikiria kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kabla ya kufunga mkutano, salio husomwa kwa sauti na kila mwanachama hulikariri. Mweka hazina akibadilisha tarakimu usiku, wiki ijayo wote watamkatalia. Blokuchaini hufanya hivyo kwa kompyuta. Kila kinachoandikwa hufungwa pamoja na kilichotangulia, na nakala hukaa sehemu nyingi. Anayebadili mstari mmoja kwa siri huonekana, kwa sababu nakala nyingine zinamkataa.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, ilitangaza mwaka 2016 kwamba itatumia teknolojia ya aina hiyo kulinda rekodi za afya. Rekodi zenyewe haziwekwi kwenye mnyororo huo. Kinachowekwa ni alama tu, mfano wa alama ya kidole, inayothibitisha kuwa rekodi haijaguswa. Kubwa zaidi, mwananchi wa huko huingia kwenye ukurasa wake na kuona ni nani aliyefungua faili lake.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie, msomaji wangu. Teknolojia hii inalinda maandishi yasibadilishwe. Haimzuii mtu mwenye ruhusa ya kusoma asiyatoe nje. Na katika vijiji vyetu, ambako mhudumu wa mapokezi anaweza kuwa shemeji wa jirani yako, hatari kubwa ni hiyo ya pili.

Chukua mfano wa binti aliyekimbia ukeketaji, akapokelewa katika nyumba salama ya Masanga au Mugumu. Akiugua, atapelekwa hospitali na jina lake litaandikwa. Mtumishi mmoja akiwaambia ndugu kwamba binti yao alitibiwa hapa jana, msako unaweza kuanza. Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja, na kompyuta itasema kila kitu kiko salama. Ni hivyo hivyo kwa mama ambaye majibu yake ya VVU yanafika sokoni kabla hajafika nyumbani.

Kuna mambo mengine mawili. Kwanza, kosa likiingizwa nalo litalindwa. Kundi la damu likiandikwa vibaya, mnyororo utalitunza kosa hilo kwa uaminifu ule ule. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mwenye taarifa haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Mfumo usiofutika unapaswa kujengwa kama Estonia walivyofanya, taarifa za mgonjwa zikikaa nje ya mnyororo. Ukijengwa vinginevyo, utagongana na sheria yetu wenyewe.

Kwa hiyo, kabla halmashauri za Tarime na Serengeti hazijashawishiwa kununua chochote chenye jina zuri, zianze na yasiyohitaji mtaalamu kutoka nje. Kila mtumishi awe na namba yake ya siri, na isibandikwe ukutani wala kuazimwa zamu ya usiku. Mfumo uandike nani amefungua faili gani na saa ngapi, na mganga mfawidhi azipitie kumbukumbu hizo mara kwa mara. Mgonjwa wa rufaa aondoke na nakala iliyochapishwa, maana umeme ukikatika ugonjwa hausubiri. Yakizoeleka hayo, blokuchaini ikija itakuta nyumba yenye mlango. Yasipozoeleka, tutakuwa tumefunga kufuli ya gharama kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Nawe usibaki mtazamaji. Ukifika dirishani na kuandikishwa kwenye kompyuta, uliza kwa heshima ni nani anaruhusiwa kuona taarifa zako. Omba kusoma kilichoandikwa juu ya mtoto wako: jina, tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru. Ukiona kosa, omba lirekebishwe siku hiyo hiyo. Kadi ya kliniki itunze kwenye mfuko wa nailoni, usiitupe kwa sababu umeambiwa siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Siri yako ikitolewa, mweleze kiongozi wa kituo. Usiposikilizwa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Mtumishi wa afya anayefunga mdomo wake bado ni kinga ya kwanza ya mgonjwa. Mashine imsaidie, na pale anapokosea, imtaje.